Mawe ya Mto kwa Jiko ya Mama

Mwaka ule nilibeba mawe ya serikali kwa gunia, nilikuwa niko na miaka kumi na tisa na mdomo kubwa kuliko gunia yenyewe. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, mtihani ikanikataa, nikarudi kwetu juu kidogo ya Nyeri kulima viazi na kuchekesha watu. Kuchekesha ndiyo nilijua sana. Mahali watu wamenyamaza, iwe kanisani, iwe kwa mazishi, mimi nilianza kuwashwa ulimi. Mama alisema nikifa nitachekesha watu wa kuchimba kaburi.

Alikuwa ananiita "baba", kwa sababu nilipewa jina la baba yake. Akikasirika aliacha kuniita chochote.

Kazi ya mawe ilikuja hivi. Kulikuja kijana wa serikali wa kupima mawe, mtu wa pwani, amesoma mpaka macho ikaanza kuuma. Alipanga chumba mtaa wa Majengo karibu na msikiti, akauliza kama kuna mtu anajua njia zote za huku. Nikasema ninajua zote. Nilijua mbili. Akanipa gunia, nyundo ndogo yenye ncha, na chupa ndogo ya dawa kali, akaniambia nisiiguse kama napenda vidole vyangu.

Watu walimwita Bwana Mawe. Walicheka sana. Mtu mzima amevaa viatu safi, anainama barabarani, anaokota jiwe, anailamba!

"Bwana, kwani huko pwani hamna chakula?" nilimuuliza siku ya kwanza.

"Nataka kujua kama linavuta ulimi," akasema. "Jiwe lenye udongo ndani hunata kwenye ulimi. Hebu jaribu."

Nikalamba. Ikanata. Mzee mmoja alikuwa anapita na ng'ombe wake, akasimama, akatuangalia sisi wawili tumetoa ulimi, akageuza ng'ombe akarudi na njia ingine.

Bwana Mawe aliniambia mawe yote ya dunia ni jamii tatu. Ya kwanza inazaliwa kwa moto: mawe iliyoyeyuka chini huko ikatoka juu ikapoa. Ya pili inazaliwa kwa kutulia: mchanga na matope inawekwa na maji, safu juu ya safu, inafinywa mpaka inashikana. Ya tatu ilikuwa kitu ingine kwanza, halafu ikazikwa, ikapikwa na kufinywa mara ya pili mpaka ikabadilika sura.

Nikasema hiyo ni rahisi. Jamii tatu tu? Kwetu ukoo ni nyingi kuliko hiyo na ninazijua zote.

Sasa shida ikaanza. Alinipeleka kwa kwari, pale wanakata mawe ya kujengea, ile ya rangi ya majivu ambayo ukiikata ikiwa mbichi inakatika kama ugali baridi, halafu ikikaa kwa jua inakuwa ngumu. Akasema, "Hili ni jiwe gani?"

Nikaangalia. Iko na safu safu. Nikasema, "Hii ni ya kutulia."

"Hapana. Ni majivu ya volkano. Mlima uliyarusha juu, yakaanguka, yakashikana."

"Basi ni ya moto."

"Ndiyo. Lakini yalianguka na kutulia."

"Basi ni ya kutulia!"

Akakuna kichwa. "Ni ya moto iliyotulia."

Nikamwambia, "Bwana, darasa la saba nilianguka kwa sababu ya maswali kama hii."

Siku ingine tulishuka mpaka chini ya Kianyaga, unapoacha majani chai, unapoacha kahawa, joto inaanza kukushika shingo. Huko mawe ilikuwa na mistari, nyeupe nyeusi nyeupe nyeusi, kama blanketi ya hospitali. Akasema hiyo ndiyo ya kupikwa mara ya pili, ni kuukuu kuliko mlima wenyewe. Nikauliza, "Kuliko Kirinyaga?" Akasema mbali sana. Sikumwambia Mama hiyo maneno. Kwetu hakuna kitu ni kuukuu kuliko mlima.

Kwa hivyo nikajifunza kidogo kidogo. Usiamini rangi, mawe inadanganya kwa rangi. Vunja, angalia ndani, kwa sababu ngozi ya jiwe imezeeka na jua na mvua. Kama ndani iko na punje kubwa kama mahindi kwa githeri ya maharagwe, ilipoa pole pole. Kama ni laini na nyeusi bila punje, ilipoa haraka. Kama iko na matundu, hiyo ni hewa ilitoka ikikimbia. Kama iko na kona, haijatembea mbali. Kama ni mviringo, imesafiri na maji. Ile dawa ya chupa unadondoshea jiwe, ikichemka povu, iko na chokaa. Ya kwetu haikuchemka hata moja. Nilidondosha mpaka chupa ikaisha na nikagombezwa.

Kitu moja tu ilikaa kwa kichwa yangu imenyooka, bila kona. Bwana Mawe alisema karibu mawe yote nyeusi ya kwetu, ya shamba, ya barabara, ya mto Chania, ni ya mlima. Ni ya moto. Nikaishika hiyo kama pasipoti.

Sasa nikuambie juu ya dada yangu.

Dada yangu alikuwa ananishinda na miaka mitatu, na alikuwa amependana na kijana wa kutengeneza baiskeli hapo Kiganjo, mtu mpole, wa nyumbani kwao Kianyaga. Wazee wao walituma habari: tutakuja kuwaona, kusema neno la kwanza. Kwa watu wengine hiyo ni jambo la furaha tu. Kwetu ilikuwa jambo la kukosa usingizi. Baba alikuwa ameenda wakati wa Hali ya Hatari, ile vita ya msituni na mzungu, na hakurudi. Tulikuwa nyumba ya mama na watoto.

"Nyumba kama hii watu huiangalia mara mbili," Mama alisema. "Wakiona kitu moja imepinda, watasema wote ni wapinda. Na huyu msichana amempenda huyu kijana, usifikiri sijui. Wakienda na roho mbaya, hawatarudi."

Dada alikuwa anaosha vikombe. Aliosha kikombe moja mara nne, nilihesabu.

Mama alikuwa amejenga jiko mpya, nyumba ndogo ya mabanzi nyuma ya nyumba, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa inalala upande kama mlevi. Jiko mpya inataka mawe mpya, tatu, za kushika sufuria. Na kwetu mawe ya jiko si ya kuokota tu. Mwanamke mwenye nyumba anaitafuta mwenyewe, juu kwa mgongo wa shamba, mahali kavu, pale jembe inagonga mwaka baada ya mwaka. Lakini wiki hiyo goti ya Mama ilikuwa imefura kama viazi vitamu. Akaniita.

"Baba, panda pale juu, chimba tatu zinazolingana. Za mto usiguse."

"Kwa nini nisiguse za mto?"

"Kwa sababu nimesema."

Hiyo haikuwa sayansi. Mimi nilikuwa mtu wa sayansi sasa, nimelamba mawe ya wilaya tatu.

Nikapanda mgongo wa shamba, nikachimba. Jiwe ya kwanza, nikachimba saa nzima, kumbe ni kama mlima wenyewe umelala hapo chini, haina mwisho. Ya pili ikaoza mkononi, ikawa mchanga. Nikakaa chini. Kule chini Chania ilikuwa inapiga kelele, na nilijua pale kwa kivuko kuna mawe nyeusi, nzito, safi, zinalingana kama mapacha. Nikafikiria: Mama anakataza za mto kwa sababu hajui zimetoka wapi. Mimi najua. Hiyo mawe ilizaliwa kwa moto. Kitu kimezaliwa kwa moto, itaogopa moto wa kuni?

Nikashuka.

Shida ilikuwa moja: zilikuwa laini na mviringo, hata kipofu angejua ni za mto. Nikachukua nyundo ya Bwana Mawe, nikapiga kila moja upande mmoja mpaka ikapata kona. Halafu nikazizika kwa sakafu ya jiko, ile upande laini chini, ile upande ya kona juu, nikapaka matope na majivu mpaka rangi nyeusi ikafichika. Ukiangalia, unaona mawe ya heshima kabisa.

Mama akaja na fimbo yake, akainama. "Umetoa wapi? Pale juu hakuna za hivi."

"Kwa kwari, Mama. Ziliachwa na mafundi."

Akagusa kona, akafurahi. "Umefanya vizuri, baba."

Hiyo "baba" iliniuma kidogo. Lakini ilipita.

Wageni wakaja siku ya pili asubuhi: wazee watano wamevaa makoti, mashosho wawili, yaani mabibi wazee, na kijana mwenyewe wa baiskeli amepakwa mafuta mpaka uso unang'aa. Wakaketi nyumba kubwa. Mjomba ndiye alikuwa anasema kwa upande wetu, akisaidiwa na mzee wa jirani. Jikoni Mama na dada walikuwa wamewasha moto mkubwa, ile ya kwanza kwa hiyo jiko, na sufuria ya njahi juu, ile maharagwe nyeusi ya wageni ambayo bila hiyo hakuna heshima. Mimi nilisimama katikati ya nyumba mbili nikibeba maji, na nilikuwa najisikia mtu mkubwa. Kila mara nilipochungulia jikoni niliona mawe yangu yamekaa motoni bila wasiwasi, nikasema moyoni, Bwana Mawe hoyee.

Mzee wao alikuwa ametoka tu kusema, "Tumekuja kwa sababu tuliona mbuzi yetu imeingia kwa shamba lenu," ile njia ya wazee ya kuzunguka maneno, halafu ikalia.

Pwaaa!

Si kelele ya sufuria. Ilikuwa bunduki. Na usisahau tulikuwa tumetoka kwa bunduki juzi tu. Wazee wote watano walikuwa chini kabla sijafunga mdomo. Mmoja aliingia chini ya meza na kofia yake haikuanguka. Mjomba alilala juu ya mzee wa jirani. Shosho mmoja tu alibaki ameketi kwa kiti, ameshika kikombe, akasema, "Hiyo si bunduki. Inatoka jikoni."

Halafu ikalia ya pili.

Nikakimbia. Jiko ilikuwa moshi na majivu. Sufuria imelala, njahi yote imemwagikia moto. Mawe mbili zilikuwa zimepasuka vipande, kali kama chupa. Mama alikuwa ukutani, mzima. Dada alikuwa ameshika uso, na damu ilikuwa inatoka juu ya jicho.

"Jicho iko?" nilimuuliza. "Niambie jicho iko!"

"Iko," akasema. "Ondoka mbele yangu."

Kipande ya jiwe ilikuwa imekata nyusi tu. Mama akamfunga na kitambaa. Lakini wageni walikuwa wamekuja mlangoni, na wazee wao wakaangalia jiko mpya, moto ukizima na njahi ndani yake, na bibi arusi na damu. Halafu yule mzee wa mbuzi akasema pole pole:

"Nimekaa kwa nyumba nyingi. Sijaona jiko ikilipuka wageni wakiwa wameketi. Mama, mawe haya ulitoa wapi?"

"Kwa kwari," Mama akasema. "Kijana yangu alileta."

"Mawe ya kwari ni kavu. Ya kavu haipasuki hivi." Akageukia wenzake. "Kama mawe kavu imepasuka, basi hii nyumba inakataa. Sisi si watu wa kulazimisha."

Wakaanza kutafuta fimbo zao. Kijana wa baiskeli alikuwa anaangalia ardhi. Dada hakulia. Alisimama tu, mkono kwa kitambaa, akaangalia yule kijana kama mtu anayehesabu vitu anaacha.

Nikasema, "Ni mimi. Mawe ni za mto."

Mjomba akaniangalia na macho ya moto. "Wewe nyamaza. Leo si siku ya mchezo wako."

"Si mchezo, Mjomba. Nilitoa Chania."

"Anataka kumfunika mama yake," mzee mmoja akasema. "Ni vizuri kijana kumpenda mama yake. Twende."

Na Mama mwenyewe akasema, "Usijitie hapo, baba. Niliona na macho yangu, zilikuwa na kona."

Hapo ndipo nilichanganyikiwa mpaka miguu. Maisha yangu yote nilikuwa nasema uongo na watu wanacheka. Siku ya ukweli hata Mama ananitetea kwa uongo wangu mwenyewe! Na mbaya zaidi, hata mimi sikuelewa. Jiwe ya moto imeogopa moto kwa nini? Labda wazee wanasema kweli. Labda nyumba inakataa, na mimi ndiye chombo tu ilitumia.

Nikachukua jembe. Jiwe ya tatu ilikuwa bado nzima, imezikwa. Nikamwaga maji juu yake ipoe, nikasimama kando nikangoja kama inataka kulia pia, halafu nikachimba matope, nikaigeuza kwa jembe. Ile upande ya chini ikatoka. Laini kama yai.

"Kona niliipiga na nyundo," nikasema. "Angalieni, upande hii iko na kona mbichi, rangi ni ingine, haijazeeka. Hii ingine imesuguliwa na maji miaka mingi. Jiwe ya kwari haina mgongo kama hii. Hii imetembea."

Yule shosho aliyebaki na kikombe akaja. Akainama, akapitisha kidole mahali laini, akapitisha mahali ya kona. Halafu akaokota kipande ya ile iliyopasuka, akaigeuza kwa mwanga. Ndani ilikuwa nyeusi, na matundu madogo madogo.

"Ni ya mto," akasema. "Kwa nini ulipiga kona?"

"Ndio ifanane na ya kwari, shosho."

"Na kwa nini hukuenda kwa kwari?"

"Ni mbali."

Nikaona tumbo yake inaanza kutingika na kicheko. "Na hukuambiwa ya mto inalia motoni?"

"Niliambiwa nisiziguse tu. Lakini nilifundishwa hii mawe ilizaliwa kwa moto, nikaona haiwezi kuogopa moto."

Mzee wa mbuzi akaniangalia kutoka juu mpaka chini. "Wewe ulikaa kwa maji ya tumbo la mama yako miezi tisa. Nikikutupa Chania sasa hivi, utapumua?"

Nikarudi nyuma hatua mbili, asije akajaribu.

Wiki iliyofuata nilimpelekea Bwana Mawe kipande. Aliiangalia na lenzi yake, akakuna kichwa, akasema jiwe ni ya moto kweli, mimi sikukosea hapo, lakini imelala kwa maji miaka isiyohesabika, maji imeingia kwa matundu na nyufa, na maji hiyo ikipashwa haraka inakuwa mvuke, haina mlango, inavunja ukuta. "Nilikufundisha lilivyozaliwa," akasema. "Sikukufundisha lilikoishi." Nikamuuliza sasa katika zile jamii tatu, kuna moja ya mawe yanayoua watu wa nyumba yako? Akasema hapana. Nikamwambia aiongeze.

Lakini siku ile jikoni hakuna mtu aliyetaja mvuke. Shosho aliweka kipande chini, akajifuta mikono, akawaambia wazee wake:

"Rudini mkae. Nyumba haijakataa kitu. Ni kijana ni mjinga."

"Una hakika?" mzee akauliza.

"Mjinga iko kwa kila nyumba. Hata kwetu iko," akasema, na hakumwangalia mtu, lakini yule mzee aliyekuwa chini ya meza akavua kofia.

Mtu mmoja akacheka, halafu wawili. Sikucheka. Ilikuwa mara ya kwanza watu wananicheka na sikuwa nimepanga. Mama hakucheka pia. Aliniangalia na hakuniita kitu. Ningependa angenipiga.

Wazee wakarudi kuketi na ndizi na uji baridi, mjomba akaanza tena maneno ya mbuzi kutoka mwanzo. Shosho hakurudi. Alimshika dada mkono, yule dada na kitambaa chake cha damu, akamwambia, "Twende tutafute mawe. Wageni hawatakula uji peke yake. Na wewe utataka kujua kuchagua, huko kwetu ni kahawa tu, mawe hayaonekani." Aliisema hivyo, huko kwetu, kama jambo la kawaida. Dada alisimama kidogo kabla ya kumfuata. Kijana wa baiskeli aliinua uso kwa mara ya kwanza.

Wakapanda mgongo wa shamba, mimi nyuma na jembe. Shosho alikuwa anagonga jiwe na fimbo, anasikiliza, anapita. Anagonga, anapita. Moja ikalia vizuri, akaiacha. Ingine ikalia vibaya, akaichukua. Akamwambia dada aweke kiganja juu yake, ahisi kama ni baridi kuliko udongo. Dada akaweka, akatingisha kichwa, wakaiacha na hiyo. Walielewana bila maneno, na mimi niliyesomea sikuelewa hata moja. Mwishowe zikapatikana tatu: moja nyekundu kidogo, moja ya majivu, moja sijui hata nikuambie ni rangi gani. Hazikulingana hata kidogo.

Nikashindwa kunyamaza. Nikaigeuza ile ya mwisho, nikatafuta punje, nikatafuta matundu, nikailamba. Haikunata.

"Shosho," nikasema, "na hii sasa ni aina gani?"

"Hiyo ni ya kubeba," akasema. "Beba."